Kofia Kwenye Mlango wa Maji

Ruiru, 9 Juni 1957

Kwa pacha wangu Selpha Adongo,

Nyamera, dada yangu, salamu. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, hofu ni kwako na wanao. Ogola ameota jino jipya na anauma kila kitu, hata mimi. Mvua imepungua lakini matope bado yanatuvua viatu. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, usishangae. Laini hii nzima ya nyumba za wafanyakazi ni watu wa kwetu, na karatasi ya Kijaluo ikianguka hapa jirani ataisoma kwa sauti mpaka bombani. Kiswahili wanakisema tu, kukisoma kunawachosha.

Wake wa wale watano waliopona bado wanakuja kushukuru. Jumanne alikuja Wakonyo, mke wa Kagwe, tumbo limemtangulia na mkungu wa ndizi uko mgongoni. Akautua mlangoni, akasema, "Mama Ogola, mzee wako ni mtu wa Ngai, mtu wa Mungu. Kama si yeye, huyu mtoto angezaliwa hana baba." Mzungu naye amempa mume wangu Boaz koti lenye vifungo vya shaba na kumfanya nyapara wa mfereji. Koti nimelitundika ukutani. Hajalivaa hata mara moja, na anakula kama ndege.

Sasa nije kwenye neno langu. Jumapili iliyopita Boaz aliniambia anaenda kanisani. Kanisa letu, unalijua, ukipiga chafya hapa mchungaji anakuombea. Alirudi jua likizama, na nilipofua suruali yake nikakuta mfukoni kipande cha tikiti ya treni ya Thika. Kesho yake nikalitafuta blanketi la bluu, halipo. Sukari nayo imeshuka. Nimelia na wewe msibani, Selpha, mpaka sauti ikakauka. Lakini mke ana haki ya kujua blanketi lake linalala wapi.

Na nasikia huko kiwandani unawaambia wanawake kwamba mumeo Simeon aliuawa. Acha nikukumbushe yaliyosemwa mbele ya mzungu na askari. Watu watano walikuwa ndani ya shimo jipya la maganda ya kahawa, wanachimba. Mvua ikaja, mfereji ukajaa, ukuta wake ukaanza kumomonyoka juu ya vichwa vyao, na ngazi ilikuwa imeshamezwa na matope. Boaz ndiye mwenye zamu ya mlango wa maji. Akaufungua, maji yakageukia mfereji wa zamani, na watano wakapona. Mfereji wa zamani unapita chini ya barabara ndani ya kalvati, na Simeon alikuwa humo anazoa mchanga. Boaz hakujua. Aliapa, na mzungu akaandika kwamba hakujua. Watano kwa mmoja, nyamera. Hesabu hiyo hata mimi siipendi, lakini si mimi niliyeipanga.

Nijibu, na unieleze habari za blanketi.

Mimi niliyekutangulia duniani kwa dakika kumi,
Wilkister Apiyo


Thika, 23 Juni 1957

Kwa Wilkister,

Barua yako nimeipata Alhamisi, imelala njiani siku kumi na moja. Nashukuru kwa salamu. Obura na Awiti wamepona kikohozi. Tangu shamba lilipokichukua chumba chetu, maana chumba ni cha mfanyakazi na mfanyakazi hayupo, tunakaa na Wamboi, mjane wa kanisa letu. Kazi yangu ni kumenya mananasi. Maji yake yanakula vidole, hapa naandika nimejifunga kitambaa. Ukiona mwandiko umepinda, si hasira. Hasira nitakuambia mwenyewe ikifika.

Blanketi lako liko hapa, linalala na watoto. Boaz alikuja, akapasua kuni zote za Wamboi, akakataa chai, akakataa kuingia ndani. Alikaa juu ya gogo akitazama viganja vyake. Kama hiyo ndiyo starehe unayoiogopa, Jumapili ijayo njoo naye uitazame.

Sikusema kwamba Simeon aliuawa. Niliuliza swali, na sasa nakuuliza wewe. Ofisini walinipa vitu vyake: panga, viatu, kopo la tumbako, na shati. Kofia haikuwemo. Namaanisha ile kofia nzuri ambayo Boaz alimpa wakati wa Pasaka, nikaishonea utepe mwekundu.

Unaijua desturi ya watu wa mfereji, wameifuata tangu siku walipouchimba. Anayeingia kalvati anatundika kofia yake kwenye usukani wa mlango wa maji. Usukani wenye kofia hauguswi, awe mzungu, awe nani. Simeon alikuwa akitundika hata akiingia kuokota koleo tu. Nilikuwa namcheka. Basi, kama kofia ilikuwa kwenye usukani, aliyefungua mlango aliitoa kwanza kwa mkono wake. Na kama haikuwepo, ilikwenda wapi? Haikukutwa kichwani mwake wala mtoni, na watu waliupekua mto siku mbili.

Wewe ndiye unayefagia nyumba ya Boaz na kufua nguo zake. Umeiona?

Selpha Adongo


Ruiru, 21 Julai 1957

Kwa Selpha,

Salamu. Nimechelewa kujibu, mikono imejaa. Ogola aliugua surua, sasa anakimbia tena. Kahawa ya mapema imeiva na wanawake wote tumetolewa kuchuma. Wakonyo amejifungua mtoto wa kiume mnene, na Kagwe anacheka peke yake njiani kama mwehu. Jirani yangu amefukuzwa na mumewe, akarudi, akafukuzwa tena. Mama ameandika kutoka nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa, na goti la Mama linauma kila kukicha. Kuhusu mambo mengine uliyouliza, siku hizi kichwa changu hakishiki vitu.

Sasa neno lenyewe. Juzi alikuja baba mdogo Nicanor, ambaye ndiye mzee wa ukoo wa waume zetu hapa Ruiru. Alikalia kiti cha Boaz bila kukaribishwa, akasema, "Mjane wa Simeon hawezi kukaa hivi. Watoto wanataka nyumba kule nyumbani, na nyumba haijengwi bila mwanamume wa ukoo. Simeon na Boaz ni watoto wa ndugu wawili. Boaz atamrithi. Akishindwa Boaz, basi ni Dalmas." Dalmas unamjua, yuko huko huko Thika analinda ghala. Ana wake wawili nyumbani, na wa tatu ni chupa.

Boaz alitoka akaenda kuutazama mfereji, mfereji wenyewe mkavu!

Na Mama naye ameandika kwamba ni afadhali nyumba moja na dada yako kuliko na mgeni. Mama! Yeye aliyemkimbiza mke mwenzake kwa mchi mpaka sokoni! Leo ananifundisha ukewenza.

Sikufichi, Selpha. Nina wivu. Nina wivu nikipika, nikichuma, nikipiga magoti kanisani. Boaz alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuja kwa ajili yangu. Alikuwa amekuona wewe kisimani. Wazee wakamwambia mkubwa hutangulia, na mkubwa ni mimi, kwa dakika kumi. Alinichukua kama mgeni aliyetamani maziwa akapewa uji. Alishukuru, akanywa. Miaka minane mimi ni uji, na nilikuwa nimeanza kuzoea, na yeye pia. Sasa wazee wanataka kumletea maziwa mpaka mezani.

Chagua Dalmas. Au kimbilia kwa mchungaji, anapinga mambo haya ya kurithi wajane. Pita mlango wowote unaoutaka, lakini wangu uuache.

Wilkister


Thika, 4 Agosti 1957

Kwa Wilkister,

Sisi wazima. Awiti amejifunza kuhesabu mpaka sita. Akifika sita anaanza upya.

Umeniambia nimchague Dalmas kama mtu anayemwambia mwenzake achague kiti kingine. Dalmas alishapita hapa. Alisimama mlangoni akinuka, akamuuliza Wamboi kama napika vizuri. Na mchungaji, ndiyo, atanilinda hapa Thika. Lakini kule nyumbani, je, atakuwepo siku Obura atakapoambiwa na binamu zake kwamba hana kiwanja, kwa sababu mama yake alikataa watu wa baba yake? Ninachokitafuta ni pahali pa watoto wa Simeon. Si mume.

Wewe unasema una wivu. Basi sikia wangu. Jumamosi Wakonyo alikuja kuniona. Alihangaika siku tatu kupata kibali cha kutoka kijijini kwao, akaja na mtoto mgongoni na viazi kwenye kikapu. Akamfungua mtoto akaniwekea mapajani, akalia. Mimi Selpha nilimshika yule mtoto, ana joto, ana kucha ndogo kama punje za ulezi, na nikamchukia. Nilimchukia dakika nzima. Halafu alinishika kidole na nikashindwa kuendelea. Nawaonea wivu wote watano na wake zao. Kuliko wote nakuonea wewe. Una mtu wa kumlalamikia kwamba ameleta matope ndani.

Wakonyo aliniambia kitu, naye alidhani ananifariji. Siku ile alikuwa aking'oa magugu karibu na mfereji. Alimwona Boaz amefika kwenye usukani mbio, akaita, "Simeon! Simeon!" Mara mbili. Kisha akafungua. "Alimwita, maitu, mama yangu," akaniambia. "Alijaribu." Lakini Wilkister, anayeita jina anajua mwenye jina yuko. Mbele ya mzungu aliapa kwamba hakujua.

Mila unazijua kama mimi. Mwenye damu ya ndugu mkononi haingii nyumba ya ndugu yake. Kama Boaz aliiona kofia akaitoa, hawezi kunirithi, hata Nicanor akigaragara. Kama hakuiona, ni safi, na mimi nitakubali kuwa mke mwenzako, nilale jikoni kwako kama itabidi, ili watoto wapate pahali. Lakini sitaingia nyumba ya mtu bila kujua.

Kichwa chako kinachosahau kimeshakumbuka habari ya kofia?

Selpha


Ruiru, 11 Agosti 1957

Selpha,

Sina kofia. Sijaona kofia. Usiniulize kofia tena.

Unasema utalala jikoni kwangu. Utaanza na jikoni. Unasema hutafuti mume, na bado unataka kujua kama ni safi. Nani anakagua sufuria asiyotaka kupikia?

Watoto wazima.

W. Apiyo


Ruiru, 13 Oktoba 1957

Nyamera Selpha,

Miezi miwili hujaniandikia. Nilimtuma dereva wa lori akuulizie, akasema amekuona sokoni, umekonda, ukamwambia anisalimie. Salamu nimezipokea. Zilikuwa baridi lakini nimezipokea.

Nicanor ameshapanga siku. Jumamosi tarehe mbili Novemba wazee watakaa kwake, nyumba za reli, waamue. Boaz amesema atakubali watakaloamua. Anasema hivyo kama mtu anayepelekwa kliniki. Nimemuuliza, "Unamtaka?" Akanijibu, "Nina deni na nyumba ile." Nikamuuliza tena, "Na kama si deni, ungemtaka?" Akachukua jembe akatoka. Kwetu sisi neno la wivu limetoka tumbo moja na neno la mke mwenza, na walioyatunga hawakukosea.

Yule aliyekuandikia Agosti ni mimi, siwezi kumkana. Lakini nakuomba uniambie. Ukiitwa na wazee, utasema nini?

Wilkister


Thika, 20 Oktoba 1957

Kwa Wilkister,

Sisi wazima. Obura amepewa namba tatu darasani.

Sitaitwa. Mjane haitwi kwenye kikao chake. Na hata nikiitwa, nina maneno ya Wakonyo tu, na wazee watasema kilio cha maji kilimdanganya masikio. Mwenye neno ni wewe. Uliniandikia neno "kofia" mara tatu katika mistari miwili, na mimi nimelala nawe tumbo moja, nakujua. Unayo.

Basi sikiliza. Ukiitoa, wazee watajua Boaz aliiona na kuiondoa. Hatanirithi. Utabaki na mume wako peke yako, ila atakuwa mtu aliyemzamisha ndugu yake macho wazi, na watoto wako watakuwa watoto wa mtu huyo. Mimi nitapewa Dalmas. Ukiificha, Boaz ataitwa safi, watoto wangu watapata pahali, jina la mume wako litabaki jina, na utakayeumia ni wewe mmoja, kwa kunivumilia mimi.

Boaz alisimama penye usukani na hesabu ya namna hii, wala hakupewa majuma mawili ya kufikiri. Wewe umepewa.

Selpha


Ruiru, 3 Novemba 1957

Selpha,

Leo sina salamu. Wakonyo atakuletea barua hii pamoja na kifurushi. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Jana nilikwenda. Wanawake hatuingii kikao kile, nikabisha hodi hata hivyo. Nilikuwa nimeifunga kofia kwenye leso. Nikaifungua mbele yao, nikasema, "Hii ni kofia ya Simeon. Nimeikuta nyumbani kwangu, nyuma ya magunia. Aliificha Boaz."

Nicanor akamgeukia. Boaz aliitazama kofia, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Halafu akasema, "Ni kweli. Ilikuwa kwenye usukani. Niliitoa nikafungua." Basi. Nicanor akasema, "Nyumba ya Simeon huingii," na wakataja jina la Dalmas, na mimi nikatoka nje.

Sasa soma lililo kweli. Boaz hakuiona kofia. Haikuwepo pale. Nilikuwa nimeichukua mimi.

Kofia ile niliinunua mimi, Krismasi, dukani kwa Mhindi. Niliuza kuku wanne. Nilimpa Boaz, akaivaa mara tano, nilihesabu. Pasaka mlikuja kula kwetu, na wewe ukacheka ukasema kofia hii ingempendeza Simeon. Ulisema hivyo tu, na Boaz akaivua papo hapo akampa. Wiki moja baadaye, ile Jumatatu ya msiba, nilimpelekea Boaz uji wake. Hakuwepo, alikuwa juu kwenye chanzo cha mfereji anaondoa matawi. Simeon alikuwa amekaa nje, kwenye mdomo wa kalvati, anakula muhogo, amenipa mgongo. Na kofia yangu imetundikwa kwenye usukani, ina utepe mwekundu wa mkono wako. Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, yuko nje, amemaliza kazi. Nikaichukua nikaitia kikapuni. Nilitaka jioni niiweke mbele ya Boaz nimuulize ni mke yupi anayemvisha. Mvua ilinikuta njiani. Mpaka leo sijui kama niliamini kweli kwamba Simeon amemaliza, au nilitaka tu kuamini.

Boaz alinieleza yote siku ile ile. Alifika kwenye usukani, akaona hauna kofia. Moyo ukakataa, ndipo akaita mara mbili. Maji yalikuwa yananguruma na wale watano wanalia shimoni. Hakuitikiwa, akafungua. Hakujua, aliapa kweli. Tangu siku ile alikuwa akiniuliza swali moja, karibu kila siku: "Kwa nini Simeon hakutundika kofia?" Nami namwambia sijui, namwongezea uji.

Tangu jana hajaniuliza tena.

Nimepata nilichokitaka. Sina mke mwenza. Watu wa kwetu hawagusi kata aliyonywea Boaz, na koti la vifungo amelirudisha ofisini mwenyewe. Kagwe peke yake ndiye aliyekuja kukaa naye. Alisema, "Hata kama aliiona, mimi niko hai. Mnataka nirudi shimoni?" Boaz alinichotea maji asubuhi kama kawaida. Sijui amelibeba neno lile kwa ajili yangu, au kwa ajili ya watoto, au ili asikukaribie wewe akiwa na mikono ile. Hata hapo, Selpha, hata hapo nina wivu, kwa sababu sijui ni kwa ajili ya nani.

Karatasi hii ni mwandiko wangu. Ukimpelekea Nicanor, Boaz atakuwa safi na mimi nitapata ninachostahili. Kofia ni yako. Ilikuwa yako tangu utepe.

Apiyo


Thika, 24 Novemba 1957

Kwa Apiyo,

Watoto wazima. Mimi sikuwa mzima wiki mbili, sasa naamka.

Nilisoma barua yako mara moja tu. Nilimwambia Wakonyo asiondoke, akakaa, akanishika miguu kama mtu aliyeketi na mzazi. Nilikulaani kwa lugha zote tatu ninazozijua. Kama ungekuwa karibu, dada, ningekupiga kwa kisu cha mananasi.

Halafu nikaifungua kofia. Na kwa kuwa wewe umesema lako, na mimi nitasema langu. Nilijua ni kofia uliyoinunua wewe. Nilikuona ukiwachagua wale kuku. Ule utepe sikumshonea Simeon. Nilishona mwekundu, wa kuonekana mbali, ili uuone wewe. Boaz alinipita kisimani akaenda kwako, na kwa miaka minane nilikutazama ukimwita "wangu". Nilitaka siku moja tu uumwe. Uliumwa, ukanyoosha mkono. Sipunguzi kosa lako hata kidogo. Naliongezea langu pembeni.

Dalmas alikuja Jumapili na shati safi na jogoo mkononi. Kofia nilikuwa nimeshaitundika kwenye msumari wa mlango, kwa nje. Aliposimama kuitazama nikamwambia, "Unaifahamu desturi ya watu wa mfereji. Kuna mtu ndani." Alisimama kidogo, jogoo anapiga kelele, kisha akarudi alikotoka. Sitarithiwa, si na yeye, si na Boaz. Juu ya kiwanja cha Obura nitapambana na Nicanor mwenyewe, na mchungaji ameniahidi kuandika.

Barua yako sitaipeleka kwa wazee. Utaipeleka wewe, kwa mdomo wako, kabla ya Krismasi. Utasimama pale pale uliposimama siku ile, umtoe Boaz ulipomtia. Usipokwenda, nitakuja Ruiru na karatasi na Wakonyo, na nitaisoma bombani, kwa Kijaluo. Usiogope kwamba akiwa safi nitamchukua. Ana mke. Alisimama mbele ya ukoo mzima akajitia hatiani ili asimtaje. Nakuonea wivu, Apiyo. Mtu wangu hakupata hata mtu wa kumsubiri aitikie.

Ukishasema kwa wazee, unaweza kuja. Kofia bado itakuwa mlangoni. Usiiguse. Piga hodi, na usubiri mpaka nikuitikie.

Adongo